Tupeane uzoefu: kuwapiga picha babu na bibi wakiwa nyumbani kwao

Mwanzisha mada, Bukoba

Ndugu zangu, babu yangu alipofariki mwaka 2019 tulipekua nyumba nzima kutafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza, na tuliyoipata ilikuwa moja tu, ile ya kadi ya mpiga kura ya mwaka 2015. Tuliipeleka kwa mpiga picha mjini akaikuza, na katika kukuzwa uso wa babu ukawa vidoavidoa, macho yamemtoka kama ya mtu anayesomewa mashtaka. Mzee mwenye wajukuu kumi na wanane, karibu wote wana simu za kamera, akazikwa kwa picha ya kitambulisho.

Tangu hapo kila niendapo nyumbani humpiga bibi picha: akimenya ndizi, akimkaribisha mgeni kwa kahawa ya kutafuna, akifukuza kuku sebuleni. Hata hivyo, picha nyingi hazinipi yule bibi ninayemjua, kwa kuwa simu ikitoka mfukoni tu yeye hukakamaa. Naomba waliopitia jambo hili watueleze walivyofanya, na walipokosea pia.

Mchangiaji kutoka Moshi

Pole kwa msiba, ingawa ni wa siku nyingi. Naomba nianze kwa kumtetea bibi yako.

Mimi nami nilipenda picha za kushtukiza. Desemba moja, tulipopanda nyumbani kwa Krismasi, nilimpiga bibi akiwa jikoni anapuliza moto, kanga yake imejaa masizi, nikajiona nimepata picha ambayo haitapatikana tena. Nilipomwonyesha alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza kama hivyo ndivyo watoto wangu watakavyoambiwa kwamba alikuwa. Niliifuta mbele yake. Kesho yake asubuhi alioga, akavaa gauni la kanisani na kitambaa cha kichwa, akaagiza kiti kitolewe nje, akakaa wima, mikono magotini, bila tabasamu hata kidogo. Kwa watu wa rika lake kupiga picha kulikuwa safari ya mjini, nauli na nguo bora iliyokunjwa sandukuni, na hakuna aliyegharimia yote hayo ili aende akachekecheke mbele ya kamera. Picha hiyo ndiyo aliyoomba isafishwe na kutundikwa ukutani, na kwa kweli nikiitazama leo namwona yeye hasa, zaidi ya ile niliyoifuta. Kwa hiyo, ndugu, mpige kwanza anavyotaka yeye. Akisharidhika atakusahau na kurudi kwenye ndizi zake, na hapo ndipo utakapoendelea kupiga.

Msisahau pia kuwapiga pamoja na mahali pao. Babu alinizungusha kihamba chote, yaani shamba letu la ukoo, akisimama penye kila isale, mmea wa kuonyesha mpaka, na kunieleza lilipandwa na nani. Nilipiga picha kumi na moja nikidhani namfurahisha mzee tu, lakini siku hizi baba zangu wadogo wakibishana juu ya mpaka, hunipigia simu mimi.

Mchangiaji kutoka Wete

Assalaam alaykum. Bibi yangu hakutaka kabisa sura yake ipigwe picha, nami sikumshurutisha, maana sura ni yake. Alinikubalia mikono. Nilikaa naye barazani siku tatu nikaipiga akisuka ukili: gumba lililopinda kwa kazi ya miaka mingi, pete ya fedha isiyotoka tena kidoleni, miaa ya zambarau imemlalia mapajani. Siku ya tatu niliiacha simu ikirekodi sauti huku nikiendelea kupiga, naye akawa anahesabu miaa, anaimba kidogo, anamwita jirani, anarudia kuhesabu. Bibi ameshatangulia mbele ya haki, na rekodi ile ya dakika arobaini ndiyo mama anayoiomba kila mwezi wa Ramadhani.

Mchangiaji kutoka Dodoma

Mimi nina la kiufundi. Nyumba nyingi za wazee wetu zina madirisha madogo, na kosa letu ni kumpiga mzee aliyekaa mlangoni huku sisi tukiwa ndani, tukapata mlango mweupe na mtu mweusi asiyejulikana ni nani. Fanya kinyume chake: yeye akae ndani, hatua moja au mbili kutoka kizingitini, nawe usimame upande wa nje ili mwanga umwangukie usoni. Zima flashi. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga, ili kamera ipime mwanga wa ngozi yake badala ya ule wa ukuta. Saa kumi jioni inafaa kuliko saa sita mchana.

Mchangiaji kutoka Nakuru

Nitasema machache kwa sababu bado naumia. Nilikuwa na picha zaidi ya mia mbili za nyanya, yaani bibi yangu, na simu ikaibwa ndani ya matatu. Zilizosalia ni sita nilizokuwa nimewatumia binamu kwa WhatsApp, nazo zilikuwa zimepunguzwa ubora, hivi kwamba ukizikuza zinapasuka. Ukituma picha kwa njia hiyo, itume kama hati, ifike ilivyo. Na zile bora zaidi zisafishwe kwenye karatasi wiki hiyohiyo.

Mchangiaji kutoka Muscat

Bibi yetu aliondoka Unguja baada ya mwaka 1964, na katika vichache alivyobeba mlikuwamo picha ya harusi ya dada yake, yenye muhuri wa Capital Art Studio, duka alilolifungua Ranchhod Oza Mji Mkongwe mwaka 1930. Kwa miaka mingi ilikaa kwenye albamu ya kurasa za gundi, na nilipotaka kuibandua kona ikaanza kuchanika, basi nikaacha, nikaipiga papo hapo karibu na dirisha. Kisha nikampiga bibi akiwa ameishika albamu hiyo mapajani. Alipoona sisemi kitu, akaanza mwenyewe kutaja watu kwa kidole, mmoja baada ya mwingine, hata yule mtoto wa pembeni ambaye sote tulidhani ni wa jirani, kumbe ni mama yangu. Majina yote nimeyaandika kwa penseli nyuma ya nakala, kwa kuwa wino wa kalamu hupenya hadi mbele.

Mwanzisha mada

Nawashukuru sana. Jumamosi nakwenda nyumbani, na nimemwarifu bibi avae anachopenda. Ameniuliza kama nguo ya kitenge niliyomshonea itafaa, nikamwambia achague yeye. Nitamchukulia pia ile picha ya babu ya kadi ya kura, pamoja na vidoa vyake, nimwombe aishike.