Laki nne kabla ya masika: viroba, kizingiti au kichanja?

MamaWawili
Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo. Naishi bondeni Kigogo, Dar, karibu na Mto Msimbazi. Vuli iliyopita maji yaliingia ndani hadi magotini. Magodoro mawili na friji vikaenda na maji. Masika hiyo inakuja na mfukoni nina laki nne. Mume anataka kizingiti cha zege mlangoni. Shemeji anasema viroba vya mchanga vinatosha. Mimi moyo uko kwenye kichanja cha mbao ndani ya nyumba. Msiniambie nihame, ningekuwa na pa kwenda nisingeuliza.

Fundi_Saruji
Dada, kabla ya zege nijibu: vuli ile maji yalianzia wapi, mlangoni au chooni?

MamaWawili
Sasa umenikumbusha. Chooni. Yalibubujika meusi, mlango ukiwa bado mkavu.

Fundi_Saruji
Basi kizingiti peke yake ni hasara. Nilimjengea mteja Mkwajuni kizingiti cha sentimita 60, plasta safi kabisa. Mvua ya kwanza karo la choo likajaa, likarudisha mzigo wote ndani. Kwa mlangoni maji hayakupita kuingia, na hayakupita kutoka vilevile. Siku mbili tunachota kwa ndoo.
Halafu kuna uzito. Maji ya kina cha mita moja yanasukuma kila mita ya ukuta kwa karibu nusu tani. Tofali za inchi tano hazikujengwa kubeba hilo. Mimi sipandishi kizingiti zaidi ya sentimita 40. Yakizidi hapo, yaache yaingie, kuliko ukuta ukulalie.

Bwana_Viroba
Mnavidharau viroba kwa sababu mnavipanga vibaya. Usikijaze kikawa kigumu kama gunia la mahindi. Jaza zaidi ya nusu kidogo, kilale, kijibane na mwenzake. Panga kama tofali, kiungo cha juu kisikae juu ya kiungo cha chini, na turubai upande wa maji. Cha choo nacho ni kiroba hichohicho: mchanga kwenye nailoni nzito, ukandamize kwenye tundu. Na tundu la bafuni usilisahau.

Fundi_Saruji
Hapo nakubali. Mwenye uwezo aweke valvu ya kuzuia maji kurudi, kati ya choo na karo. Ila mchanga wa viroba ukishalowa maji ya karo, watoto wasiuchezee.

Mrufiji
Kwetu Rufiji wazee walilala kwenye dungu, kibanda juu ya miti, wakilinda mpunga huku maji yakipita chini. Kwa hiyo kichanja si wazo la kijinga hata kidogo. Kijenge cha nguzo nene, kifike juu ya alama ya maji ya vuli na uongeze mita. Friji, unga, jiko la gesi, vyote juu. Soketi nazo zipandishwe, na swichi kuu izimwe kabla maji hayajaingia. Ukishasimama ndani ya maji usiiguse.

Wa_Mabwepande
Mimi Desemba 2011 nilikuwa Jangwani. Tulipanda juu ya bati na watoto, kichanja changu kikiwa chini ya maji pamoja na kila kilichokuwa juu yake. Baadaye tukahamishiwa huku Mabwepande. Kwa hiyo kura yangu ni kichanja, lakini cha vitu. Watu waondoke.
Na usiangalie mawingu ya Kigogo. Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, Kisarawe. Kwako kunaweza kuwa na jua, nguo zimeanikwa, na mto unapanda. Sikiliza Mamlaka ya Hali ya Hewa: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Mimi ningekuwa bado huko, chungwa ikitoka watoto na bibi wanalala kwa ndugu wa mlimani usiku huohuo. Nauli ya bajaji haitamaliza laki nne yako.

Bwana_Viroba
Shemeji yuko sahihi nusu basi 😂

MamaWawili
Nimeelewa. Nguzo na mbao za kichanja kwanza, viroba viwili vya choo na bafuni, turubai, na nauli naifungia kwenye bahasha isiguswe. Kizingiti mume atasubiri, nitamwonyesha uzi huu. Vyeti vya watoto na hati ya nyumba niviweke wapi? Vuli vililowa, nikavianika juani kama dagaa.

Wa_Mabwepande
Ndoo ya rangi ya lita 20, ile yenye mfuniko wa kubana. Funga karatasi kwenye nailoni, weka ndani, bana. Hata ikichukuliwa inaelea. Ukiondoka, ondoka nayo.

MamaWawili
Na nikiwa kazini maji yakija?

Fundi_Saruji
Ifunge kwa kamba juu kwenye kenchi, siyo kwenye dirisha. Dirisha linaondoka.