Je, ni haki kupanga mikondo ya hisabati kwa kufuata alama?

Swali

Walimu wenzangu, salaam. Nafundisha hisabati katika sekondari ya kutwa yenye mikondo minne ya kidato cha kwanza. Kikao cha taaluma kimependekeza kwamba baada ya mtihani wa muhula wanafunzi wapangwe upya, wenye alama za juu wote waende A na wa mwisho waende D. Hoja ni kwamba, katika kipindi cha dakika 40, mwalimu hawezi kumtendea haki anayekokotoa milinganyo kwa kichwa pamoja na anayejumlisha 1/2 na 1/3 akapata 2/5. Ugumu huo naukubali, lakini nawahofia watoto wa D. Mnashauri nini?

Jibu la kwanza

Mwalimu, ushahidi mzuri umetoka kwa majirani, magharibi mwa Kenya. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza mwaka 2003, madarasa yalifurika. Kuanzia 2005, wachumi Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer wakafuatilia shule 121 zilizopewa mwalimu wa ziada wa mkataba ili darasa la kwanza ligawanywe mara mbili. Takriban nusu ya shule hizo ziligawa watoto kwa alama, nyingine kwa kura. Baada ya miezi 18, zilizogawa kwa alama zilikuwa mbele, na walionufaika walikuwa watoto wa makundi yote mawili.

Jibu la pili

Utafiti huo usitajwe bila masharti yake. Walimu walipangiwa makundi kwa kura, na watoto walikuwa wadogo ambao ndiyo kwanza wanaanza shule. Kwetu, mwalimu hodari hupewa A, na mwalimu mmoja akihamishwa, D ndiyo inayokaa bila kipindi. Hata huko Kenya, walimu wa serikali waliopangiwa kundi la juu ndio waliozidi kuonekana darasani. Nimewahi kufundisha mkondo wa mwisho: niliandika swali ubaoni, na darasa zima likaweka kalamu chini likisubiri nilikokotoe ili linakili jibu. Watoto wale walikwisha kuambiwa wao ni nani. Nasema wazi kwamba napinga.

Jibu la tatu

Ndugu zangu, kuchanganya wanafunzi peke yake nako hakutoshi. Mwaka 2014 shule za umma za San Francisco, Marekani, ziliondoa aljebra darasa la nane ili wote waisome pamoja darasa la tisa, kwa nia ya kupunguza pengo baina ya Weusi na Walatino na wenzao. Wazazi wenye fedha walilipia masomo ya nje, manung'uniko yakaendelea kwa miaka, na mwezi Februari 2024 bodi ya shule ikaamua kuirudisha.

Ningeacha mikondo ilivyo, kisha vipindi viwili kwa wiki wanafunzi wagawanywe kwa mada, kwa jaribio fupi linalotolewa kabla ya kila mada, kwa sababu anayehangaika na sehemu huenda akawa mwepesi katika jometri. Kundi linalohangaika lipewe mwalimu mwenye uzoefu kuliko wote, na liwe dogo.

Muulizaji

Nashukuru sana. Nitalipeleka kikaoni pendekezo la mada, nami nitaomba kundi la sehemu. Kwa kuwa walimu wa hisabati tuko wawili tu, nitamwomba mwalimu wa taaluma apange ratiba ili mikondo miwili iwe na hisabati kwa wakati mmoja.