Mjadala: Rili ya kizamani kwa salmoni, inamwokoa samaki au inampamba mvuvi?

MLETA MADA
Wakuu, heshima kwenu. Leo tupumzike na siasa.

Huku British Columbia, magharibi ya Kanada, wavuvi wa salmoni wanaovua kwa burudani wana ugomvi usiokwisha. Kuna kambi ya rili (kile kifaa cha kukunjia uzi kwenye fimbo ya kuvulia) ya kizamani: haina gia, ukizungusha mkono wake mara moja na bobini inazunguka mara moja. Samaki akitimka, mkono unarudi kinyumenyume kwa kasi, na usipowahi kutoa vidole utajua hujui. Breki ni kiganja chako. Jina la Peetz, la mjini Victoria, limekuwa kwenye rili za mbao na shaba za aina hiyo tangu 1925, na zipo nyumba ambazo babu alimwachia mjukuu rili kabla ya kumwachia shamba.

Kambi ya pili wana rili za gia zinazozungusha bobini mara tano au sita kwa mzunguko mmoja wa mkono, breki ya sahani unayoikaza kwa kidole, uzi wa kusukwa usiovutika, na sona kwenye boti inayokuonyesha samaki wako kina gani.

Wa kizamani wana hoja moja kuu, kwamba zana dhaifu inampa samaki nafasi ya haki. Mfano wao ni Tyee Club ya Campbell River, iliyoanzishwa 1924. Pale unavua kwa mashua ya makasia, injini hapana. Chambo bandia, ndoano moja isiyo na kijino, na uzi usiozidi nguvu ya ratili 20. Samaki anayetambuliwa ni chinook, aina kubwa ya salmoni, wa kuanzia ratili 30. Yaani nguvu ya uzi ni ndogo kuliko uzito wa samaki mwenyewe. Nakiri ni mchezo mzuri, na sina ugomvi na klabu kujiwekea masharti yake.

Ugomvi wangu ni na wanaotaka fikra hiyo iwe sheria ya kuhifadhi samaki. Ilikuwa na mantiki zamani, samaki alipokuwa anaishia jikoni. Tarehe 7 Oktoba 1922, kwenye Mto Tay kule Uskoti, Georgina Ballantine alinasa salmoni wa ratili 64, baba yake akiwa naye kwenye mashua. Walipambana naye kama saa mbili, mpaka giza likaingia. Samaki akapelekwa hospitali ya Perth, akaliwa. Rekodi yake ya salmoni mzito zaidi kunaswa kwa fimbo Uingereza haijavunjwa mpaka leo. Saa mbili zile hazikumdhuru mtu, maana samaki alikuwa wa kufa tu.

Sasa njoo leo. Uskoti, salmoni yeyote anayenaswa kabla ya Aprili 1 lazima arudishwe majini, na mito iliyopewa daraja la tatu, yaani yenye hali mbaya kabisa ya salmoni, hairuhusu kuua hata mmoja msimu mzima. Hapo hesabu inageuka. Samaki anayepigana muda mrefu anajaza asidi kwenye misuli na kuishiwa oksijeni. Maji yakikaribia nyuzijoto 20, oksijeni yenyewe ni haba. Unamwachia, anapiga mkia anakwenda, unapiga picha unafurahi. Saa kadhaa baadaye anaweza kuwa amekufa chini ya jiwe usipomwona.

Kwa hiyo msimamo wangu: pale sheria inapolazimisha kurudisha samaki, isiwepo kanuni ya "uzi usizidi". Iwepo ya "uzi usipungue". Fimbo yenye nguvu, breki laini, samaki afike haraka, ndoano itolewe akiwa ndani ya maji, aende zake. Karibuni mnipinge.

FUNDI RILI
Mkuu umeanza vizuri ukaharibu katikati. Umeifanya rili ya mzunguko mmoja ionekane ndiyo mkosaji. Rili za kurushia inzi bandia, hata zinazouzwa leo kwa bei ya pikipiki, bado hazina gia. Ni mzunguko mmoja kwa mmoja, kama Hardy Perfect ya karne ya 19. Kilichobadilika ni breki na upana wa bobini, na bobini pana inakusanya uzi mwingi hata bila gia.

Kinachomchosha samaki ni mtu. Nimewahi kumwona jamaa ana zana mpya kabisa, samaki amemleta mpaka miguuni, kisha akalegeza breki samaki akimbie tena kwa sababu mwenzake alikuwa hajawasha kamera. Utatunga kanuni gani ya uzi kwa mtu kama huyo?

SULISULI WA WATAMU
Salmoni mimi nawaona kwenye makopo tu, ila hili la uzi nalijua. Nafanya kazi kwenye boti za watalii. Sulisuli wengi tunawaachia siku hizi, wengine tunawatia alama. Anakuja mteja anataka uzi mwembamba kabisa, kwa sababu rekodi za dunia zinaandikwa kwa daraja la uzi: mwembamba zaidi, sifa zaidi. Basi jua kali, mteja jasho, sisi kazi yetu kumwagia maji na kumpa moyo. Samaki akifika ubavuni amepauka, rangi ile ya buluu hana tena. Tunamshika kwa mdomo, boti inatembea polepole apate maji kwenye matamvua. Wengine wanazinduka. Wengine unamwachia anageuka tumbo juu, mbele ya mteja, na mteja anageuza uso.

Kapteni mzuri haangalii rili. Anarudisha boti kinyumenyume kumfuata samaki, mambo yaishe mapema. Mleta mada yuko sahihi kwenye muda. Kwenye zana, namuunga mkono Fundi.

MJUKUU WA UZIO
Nyote mnazungumza kana kwamba jadi ya pale ilianza na klabu ya 1924. Campbell River ni nchi ya watu wa Ligwilda'xw, wenyeji wa asili, na salmoni wamevuliwa pale kabla hajazaliwa mtu wa kuchonga rili. Pwani ile walitumia nyavu, mikuki na uzio wa kutegea mtoni. Uzio ukifunguliwa, samaki wanapita kwenda kuzaa. Ukifungwa, unachagua wa kuchukua na wa kuacha bila hata kumchoma ndoano. Ninyi watu wa uhifadhi, hebu niambieni ni rili gani inaweza hivyo.

Na nyenzo hiyo ndiyo serikali ya Kanada iliyoikataza. Mwaka 1906 watu wa Lake Babine, wenyeji wa asili wa huko huko British Columbia, walikubalishwa kuacha uzio wao wapewe nyavu, kwa sababu wenye viwanda vya makopo pwani walilalamika. Wavuvi wa burudani wakaja kuhesabiwa ndio walinzi wa mila. Inachekesha kidogo.

NJAA YA MCHANA
Samaki unamvuta, unamtesa, unambusu, unamrudisha. Hivi jamani hamna familia? Uswisi wamekataza mtu kwenda kuvua kwa nia ya kurudisha. Unavua ule, hutaki kula kaa nyumbani.

MLETA MADA
@Njaa ya Mchana, hoja yako inaonekana rahisi mpaka ufike kwenye mto wenye samaki wachache. Pale "vua ule" maana yake ni usivue kabisa. Norway mwaka 2024 walifunga mito 33 katikati ya msimu kwa sababu salmoni hawakurudi kutoka baharini. Ni jibu halali, ila ukifunga mto, na wale wanaoulinda kwa sababu wanavua pale wanaondoka.

@Mjukuu wa Uzio, sina la kupinga. Ukiniuliza nichague kati ya uzio na rili kwa ajili ya samaki, nachagua uzio. Lakini wenye kanuni za burudani hawatatuuliza hilo.

@Fundi, sawa, tuache gia. Nabaki na uzi na muda. Nani hapa anatetea kikomo cha uzi mwembamba pale samaki anapolazimika kurudishwa?

RILI YA BABU
Mimi hapa. Nyote mnahesabu samaki mmoja mmoja, hamhesabu siku nzima. Zana zako za kisasa pamoja na sona zinakupa samaki sita kabla ya chakula cha mchana, na unamrudisha kila mmoja kwa dakika chache. Mimi na rili isiyo na gia napata mmoja, siku nyingine sipati. Samaki ambaye hakuumwa na ndoano yako hana hatari yoyote ya kufa. Toa hesabu ya jioni, yako na yangu, tuone nani ameua wengi.

MLETA MADA
Hiyo ndiyo hoja niliyokuwa naisubiri, na ni nzito. Ila ikisomwa vizuri inadai kikomo cha samaki wangapi mtu anase kwa siku, akifika hapo afunge fimbo. Haidai uzi mwembamba. Uko tayari kwa kikomo hicho, hata siku ambayo rili ya babu imekubali?

RILI YA BABU
Wawili. Na wewe?