Makocha, mnawachosha bure wakimbiaji wa mita 100!

Wakuu, nivumilieni, leo nimefura.

Klabuni kwetu mkimbiaji wa mita 100 na wa mita 10,000 wanapewa zoezi lilelile: kuzunguka uwanja kwa mwendo wa kobe, kila asubuhi. Ukihoji, kocha anakukata: "Kwanza pumzi!" Pumzi gani hiyo, kwa mbio ambazo Usain Bolt alizimaliza kwa sekunde 9.58?

Nyuzi za misuli si aina moja. Zile za taratibu, aina ya 1, zimejaa mitokondria (vijinu vidogo vya kuzalisha nishati ndani ya seli) na kuzungukwa na vimishipa vingi vya damu. Zinatumia oksijeni, nguvu zake ni za wastani, ila hazichoki upesi. Huo ndio mtaji wa mtu wa marathoni. Zile za kasi, aina ya 2, hujikaza haraka na kwa nguvu, kisha huishiwa mapema. Humo kuna 2A, zenye kasi na ustahimilivu kiasi, na 2X, kali kuliko zote na za kwanza kuchoka.

Sasa kinachoniudhi ni hiki. Mwili hauziamshi zote kwa mkupuo. Huanza na za taratibu. Zile kubwa za kasi huitwa pale nguvu kubwa inapotakiwa. Ukijikongoja uwanjani, nyingi za kasi zimelala tu, labda mpaka zile nyingine zianze kuishiwa. Jasho linamwagika, kocha karidhika, na nyuzi zinazoshindania medali hazijaguswa! Zinaamshwa kwa mita 30 au 60 za nguvu zote, vyuma vizito na kuruka, huku ukipumzika dakika kadhaa kila raundi ili fosfokreatini, akiba ya nishati ya haraka ndani ya msuli, ijijaze tena. Thubutu kupumzika hizo dakika uone, utaitwa mvivu mbele ya wenzako.

Halafu kuna hili la kumtazama kijana miguu na kumwambia "wewe umezaliwa kwa mbio ndefu". Umeonaje? Watafiti wenyewe huchomoa kipande cha msuli kwa sindano ndipo wahesabu nyuzi, wewe unatumia macho! Kumpima kwa saa mita 30 tu kungekupa dokezo, lakini hata saa hushiki.

Makocha mliomo humu, nijibuni: mizunguko 20 ya taratibu inamwongezea nini mtu wa mita 100? Na msiniambie "nidhamu".