Mwanza: "Mtaalamu wa antiki" kapiga msasa mhuri wa kiko cha baba mdogo, kisha katuuzia cheti cha uongo

Mwangaluka wakuu. Mods, naomba huu uzi msiuunganishe na ule wa matapeli wa viwanja, hili ni lingine na nina hasira nalo.

Baba mdogo wangu anakaa Kirumba. Ana kiko alichorithi kwa babu, ambaye alikuwa karani wa kupima pamba enzi zile za Victoria Federation, shirikisho la vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba, wakati Paul Bomani na wenzake wanawatoa wakulima wa Usukuma mikononi mwa walanguzi. Mzee alivuta hicho kiko mpaka uzeeni. Kikabaki kabatini.

Juzi kati baba mdogo akasikia vitu vya kale vina hela. Akakipeleka kwa jamaa mmoja katikati ya mji anayeuza vinyago na anajiita mtaalamu wa antiki. Jina lake siliweki hapa, sitaki ban. Jamaa akachukua elfu themanini ya "utambuzi", akabaki nacho, baadaye akakirudisha kinang'aa kama kiatu cha bwana harusi, pamoja na cheti chenye lakiri nyekundu. Cheti kinasema hivi, nanukuu: "Kiko cha ofisa wa jeshi la Kijerumani, Boma la Mwanza, mwaka 1895. Ndani: pembe ya ndovu. KIKO: kifupisho cha kikosi cha Kaiser."

Kikosi cha Kaiser, yaani mfalme wa Wajerumani! Wakuu, neno KIKO limegongwa kwenye shingo ya kiko, Kiswahili cha chekechea, na bado mtu kasoma Kijerumani.

Sasa subirini mahali penye uchafu. Kabla hakijapelekwa, binti wa baba mdogo alikipiga picha akaituma kwenye grupu la ukoo. Nimeipakia hapo chini. Vuteni picha ikuze. Upande wa kushoto wa shingo pameandikwa KIKO. Upande wa kulia, herufi ndogo zilizofifia, pameandikwa MADE IN TANGANYIKA. Na kwenye mdomo, ule mpira mgumu mweusi, kuna tembo mdogo.

Halafu tazameni picha niliyopiga mimi baada ya cheti. Upande wa KIKO haujaguswa, hata ule uchafu wa masizi kwenye mikunjo ya herufi bado upo. Upande wa pili umepigwa msasa mpaka mbao imekuwa nyeupe, halafu ukapakwa rangi ya viatu. Niliuinamishia tochi ya simu kwa ubavu, mwanga ukipita juu juu, nikaona mkia wa herufi G na nusu ya Y. Basi. Mniambie mtu anayesafisha kiko anasafishaje upande mmoja tu, tena ule ule wenye jina la nchi.

Kwa nini jina la nchi linamuuma? Kwa sababu linaua cheti chake. Mwaka 1895 hakukuwa na nchi inayoitwa Tanganyika. Ilikuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Waingereza waliingia Mwanza Julai 1916, na jina Tanganyika kama jina la nchi likaanza 1920. Likatumika mpaka Muungano wa Aprili 1964, na Oktoba mwaka huo huo tukaanza kuitwa Tanzania. Mhuri wa Tanganyika hauwezi kuwa wa Mjerumani hata ukiupiga pasi.

Na hawa jamaa wa Kiko wanajulikana. Ilikuwa kampuni ya Arusha, Tanganyika Meerschaum Corporation, ilianza miaka ya 1950. Mershamu ni madini laini, meupe, mepesi, na yetu yalichimbwa Sinya, kule Longido jirani na Amboseli. Sehemu nyingine maarufu kwa hayo madini ni Eskişehir, Uturuki. Watu wa Arusha walitengeneza viko vya mershamu, na vingine vya mbao vyenye bakuli lililovishwa mershamu ndani, wakaweka nembo ya tembo, wakauza mpaka nje. Vilivyotoka baada ya 1964 utavikuta vina Tanzania badala ya Tanganyika. Kwa hiyo hiki cha babu ni cha kati ya miaka ya 1950 na katikati ya miaka ya 1960, labda na muda kidogo mbele kama kiwanda kilimaliza mihuri ya zamani. Babu alikuwa na mshahara miaka hiyo. Hesabu inakaa bila kulazimisha.

Sasa hiyo "pembe ya ndovu". Hapa ndipo nilipopandisha presha, maana jamaa hakuishia kuandika, alimtisha mzee. Maneno yake kama baba mdogo alivyonisimulia: "Mzee wangu, huyu tembo kwenye mdomo ndiyo alama kwamba ndani ni pembe. Ukikutwa nacho hizo ni nyara za Serikali, utaozea gereza la Butimba. Niachie mimi, nina watu, nitakupoza na elfu hamsini." Baba mdogo akamjibu, "Mwanangu, mbona nimekuja kuuliza tu?" Akarudi nyumbani, akakifunga kwenye mfuko wa rambo akakificha chini ya gunia la mpunga. Mtu wa miaka sabini na kitu anaficha kiko cha baba yake kama bangi!

Yaani mnaelewa mchezo? Kwanza unalipa elfu themanini uambiwe ni mali ya ofisa wa Kijerumani. Kisha unaambiwa ni kosa la jinai kuwa nayo. Kisha mwenye kukuambia anajitolea kukubebea mzigo.

Pembe ya ndovu haiwekwi mahali pa kuwashia moto. Inapasuka, inaungua, inanuka kucha. Mershamu ndiyo inayowekwa pale, kwa sababu inavumilia joto na ina vitundu vidogo vinavyofyonza unyevu na lami ya tumbaku. Ndiyo maana hii ya babu imegeuka rangi ya asali karibu na ukingo. Kuitambua si kazi ya maabara. Nilikwangua masizi kidogo pale ukingoni, nikagusisha ncha ya ulimi kwenye sehemu kavu, ikanata. Pembe haikunatii, na pembe ikikatwa inaonyesha mistari myembamba inayokatana mshazari. Hapa hakuna mstari hata mmoja. (Msilambe viko vya watu bila kuvisafisha, vina ladha mbaya sana.)

Hata kama ningeachana na mhuri, umbo lenyewe linakataa. Kiko cha askari wa Kijerumani wa miaka hiyo mara nyingi ni kile kirefu chenye bakuli la kauri lililochorwa, shina la mti wa cheri, mdomo wa pembe ya mnyama. Wale waliomaliza jeshi walinunua vya ukumbusho, na humo yanaandikwa jina la mwenyewe, kikosi na miaka aliyotumikia. Mjerumani wa namna hiyo hakuachii fumbo. Hiki cha babu ni kifupi, kimenyooka, mbao. Bismarck mwenyewe, yule kansela wa Ujerumani, hakuwahi kukanyaga Afrika, ila Mwanza kila chuma chenye kutu ni cha Mjerumani kwa sababu tuna jiwe lenye jina lake ziwani.

Nimefuatilia haya mambo ya mihuri ya viko muda sasa, na jina la nchi ndilo la kuangalia kwanza. Peterson, watengeneza viko wa Dublin, kwa mfano, ikiwa imeandikwa Irish Free State unajua ni baada ya 1922, kabla Ireland haijabadilisha jina tena 1937. Michoro ndiyo hupotosha. Hao hao Peterson walikuwa wanagonga jani, mbwa na mnara kwenye pete za nikeli, watu wakadhani ni alama za madini ya fedha halisi, kumbe urembo. Kwa hiyo mtu akikuonyesha tembo akakwambia "hii ni pembe", mwambie akusomee maandishi kwanza. Huyu wetu aliyasoma. Ndiyo maana akayafuta.

Nilimpigia. Nikamsalimia vizuri, nikamwomba aeleze ule upande wa kulia. Akasema "ulikuwa na kuvu". Kuvu lenye maandishi! Nikamwambia picha ipo. Akakata, na WhatsApp kanipiga block.

Elfu themanini tunaitaka. Thamani iliyopotea hairudi, maana mkusanyaji yeyote akiona shingo imesagwa anaondoka, lakini hiyo hela irudi, na cheti akifute kwa maandishi ili mzee alale. Mwenyekiti wa mtaa wa baba mdogo ana nakala ya picha zote mbili. Tukifika polisi tutafika na hizo.

Ombi kwa wadau wa Arusha na wale wenye viko vya wazee: kama una Kiko yenye tembo, weka picha ya pande zote mbili za shingo na ya chini ya bakuli. Hii yetu ina namba ya umbo la kiko iliyokuwa chini ya maandishi ya Tanganyika, kwenye picha ya binti inaonekana tarakimu ya kwanza tu, nadhani ni 2. Nataka kujua ilikuwa umbo namba ngapi.