Hajashinda hata hatua moja, bingwa anakuwaje?

Kijana wa Mwandiga
Wakuu, habari za jioni. Hapa kijiweni Mwanga, Kigoma, kuna ubishi hautaki kuisha. Tangu Kigali waandae mashindano ya dunia ya baiskeli Septemba 2025, kila mtu kageuka mchambuzi. Sasa jamaa anasema Chris Froome, yule aliyezaliwa Nairobi, alichukua Tour de France ya 2017, zile mbio za baiskeli za Ufaransa za wiki tatu, bila kushinda hatua hata moja, yaani mbio za siku hata moja. Mimi hainiingii akilini. Hatua 21, kila siku anatangulia kufika mtu mwingine, halafu siku ya mwisho ubingwa unakwenda kwake? Na wale wenzake wa timu wanaomtangulia njia nzima wanapata nini? Nielewesheni, matusi pelekeni kwenye jukwaa la siasa.

Fundi Spoku
Mdogo wangu, jamaa kasema kweli. Kule wanahesabu saa, hawahesabu nani kafika wa ngapi. Muda wako wa kila siku unajumlishwa, na mwenye jumla ndogo ndiye anavaa jezi ya njano. Baada ya wiki tatu Froome alimzidi Rigoberto Urán wa Colombia kwa sekunde 54 tu.

Hao washindi wa siku, wengi wanakuwa wameshaachwa dakika nyingi kwenye jumla. Mtu wa hivyo akichomoka mapema, nani ajichoshe kumfukuza? Aende zake, achukue siku yake. Na siku za tambarare kundi likifika pamoja, wote wanaandikiwa muda mmoja, wa kwanza na wa themanini. Wa kwanza anapunguziwa sekunde 10, wa pili 6, wa tatu 4, basi. Froome alivuna kwenye zile hatua ambazo kila mtu anaachiwa peke yake kushindana na saa: ya ufunguzi Düsseldorf, Ujerumani, na ya Marseille siku moja kabla ya mwisho. Zote mbili hakushinda, ila waliomtangulia hawakuwa wale anaogombea nao jezi.

Kuhusu wenzake: umewahi kubeba dagaa kwa baiskeli? Mimi kabla sijafungua banda nilibeba, gunia kwenye karia, kutoka Kibirizi kupandisha huko kwenu. Upepo ukiwa usoni, anayeumia ni wa mbele. Wa nyuma akilibana tairi la mwenzake, anakanyaga huku anapiga soga. Sisi tulikuwa tunapokezana. Hawa hawapokezani na kiongozi wao. Kiongozi anafichwa nyuma ya wenzake kwa muda wa saa nne, hata tano, mpaka mlima wa mwisho, ndipo anatumia miguu waliyomtunzia.

Tafuta hatua ya 15 ya mwaka huohuo, iliyoishia Le Puy-en-Velay. Spoku ya gurudumu la nyuma inamkatikia Froome wakati timu ya AG2R ya Wafaransa imeshaongeza mwendo mbele. Michał Kwiatkowski, mwenzake wa timu, anasimama, anachomoa gurudumu lake mwenyewe, anampa. Spoku moja! Huku kwetu ikikatika unaizungushia kwenye jirani yake, safari inaendelea na mzigo juu. Magurudumu yao yana spoku chache, na breki zao wakati ule zilikuwa zinabana rimu; moja ikitoka, rimu ilikuwa inayumba inagusa breki. Mlimani na gurudumu la hivyo huendi popote. Mikel Landa, mwenzao mwingine wa timu ambaye alikuwa mbele, akarudi nyuma kumvuta mpaka akaliunga kundi.

Sasa sikia. Landa huyohuyo alimaliza wa nne kwa jumla. Nafasi ya tatu aliikosa kwa sekunde 1, akaichukua Romain Bardet wa AG2R.

Mama Mawese
Kaka fundi, hiyo ya Landa imeniuma na wala simjui. Mtoto wa watu anaambiwa arudi nyuma, halafu anakosa kwa sekunde moja! Mimi ningedai changu palepale kwenye mstari.

Dereva wa Manyovu
Dada, anadai na analipwa. Kwanza ana mshahara wa timu. Pili, bingwa wa Tour anapewa euro 500,000, na kwa desturi hazilambi peke yake, anawaachia wenzake na watu wa timu wanaohangaika nao njiani.

Kijana, usichanganye na ile ya Kigali. Mashindano ya dunia ya barabarani ni siku moja, anayetangulia kukata mstari kamaliza kazi, ndiyo maana Tadej Pogačar wa Slovenia, aliyeshinda kule, aliondoka na jezi yake siku ileile. Inayofanana na Ufaransa ni Tour du Rwanda, inafanyika Februari, siku kadhaa mfululizo na jezi ya njano ipo. Na kama roho yako inataka nafasi zihesabiwe, kuna jezi ya kijani: ni ya pointi, ukiwahi kufika unavuna nyingi. Biniam Girmay wa Eritrea aliibeba 2024, tena na ushindi wa hatua tatu juu yake.

Kijana wa Mwandiga
Nimewapata, asanteni. Moja tu: kama ni hivyo, wale wazito wanaotamba kwenye hatua za tambarare si wajiendee taratibu milimani, muda wao una kazi gani?

Fundi Spoku
Hawaachiwi. Kila hatua ina ukomo, unapigwa kwa asilimia ya muda wa mshindi kutegemea ugumu wa njia. Ukizidisha, kesho huanzi, labda waamuzi wakuhurumie. Kwa hiyo siku za milima wazito wanajikusanya kundi lao huko nyuma, wanavutana huku wanapiga hesabu ya dakika zilizobaki. Wanaogombea jezi ya kijani wamo humohumo, maana ukikatwa leo pointi zako zote zimeondoka na wewe.