Naomba ushauri: filamu yangu ya marafiki wawili imekosa mwisho

Kalamu Butu: Wakuu, heshima kwenu. Nina filamu ya dakika 40 kuhusu marafiki wawili walioshibana tangu darasa la kwanza, na mmoja anakaribia kuoa. Kila kitu kimekaa sawa isipokuwa mwisho. Yule asiyeoa aende harusini au asiende? Nimeandika miisho mitano, yote naiona ya uongo. Muda umenibana, naombeni msaada.

Sina Makuu: Aende. Watu walie, wacheze, taa ziwashwe. Anayefuata!

Fundi Taa: Kabla ya mwisho, sauti umerekodije? Picha ikiyumba mtazamaji anavumilia. Maneno yasiposikika anazima.

Shangazi wa Zamu: Shoga yangu alipoolewa nilimshikia shela mlangoni, nikatabasamu mpaka mashavu yakaniuma. Mwezi wa kwanza simu kila siku. Wa sita, nikawa naona picha zake mtandaoni kama watu baki. Wala hatukugombana. Hilo ndilo mngelitolea filamu.

Mpenda Sinema: Itafute filamu ya Diner ya Barry Levinson, 1982. Bwana harusi anamtungia mchumba wake mtihani wa mpira wa Kimarekani, akifeli hakuna ndoa. Harusi inafungwa, lakini sura ya bibi harusi hatuioni kabisa, maana hadithi ni ya bwana harusi na rafiki zake, mezani mgahawani. Ya kwako ni ya nani? Na haraka yote hiyo ya nini?

Kalamu Butu: Haraka ya kawaida tu, mkuu.

Mpenda Sinema: Jibu swali.

Kalamu Butu: Haya. Rafiki yupo kweli. Anaoa wiki tatu zijazo na ameomba filamu ionyeshwe mkesha wa harusi. Anajua ni ya utoto wetu. Sasa kuna sini moja ya ngazini: amekaa, anachezea kitufe cha koti kinachoning'inia kwa uzi mmoja, anasema, "Naoa kwa sababu nilishasema ndiyo." Aliniambia mimi, maneno hayohayo. Lakini majina nimebadilisha, na kupiga nimeshapiga. Tena koti si lake, linafanana tu.

Mzee Hana Haraka: Kijana, siri ni amana. Badilisha majina mia, mwenye siri atajijua, na mchumba wake atamjua kabla yake. Vijana wa siku hizi mkishika kamera mnasahau mlikokula.

Sina Makuu: "Linafanana tu" hahaha. Mkuu, wewe umekwisha.

Chungu cha Tatu: Wakuu mnanyweshwa chai na mnaomba kuongezewa. Kitufe kinaning'inia kwa uzi mmoja? Nani anaomba ushauri kwa lugha hiyo? Huyu anatujaribishia skripti, mtakuja kusikia maneno yenu yanasemwa na waigizaji.

Shangazi wa Zamu: Ile ya mashavu achukue, ila jina langu lipite mwishoni, kwa herufi kubwa.

Fundi Taa: Chai au si chai, sauti hajajibu.

Kalamu Butu: Si chai. Usiku huu nimeikata sini ya ngazini. Zimebaki dakika 34, na sasa haieleweki kwa nini yule mwingine haendi harusini.

Mpenda Sinema: Si ulisema hujaamua kama anaenda?

Mpenda Sinema: Mleta mada?